Albamu Isiyonguruma

Utepe wa kupimia ulipomzunguka mkata nyama kifuani ulibakiza vidole viwili tu, ikabidi Fundi aanze upya, safari hii akimwomba ashushe pumzi.

"Nimeshusha," mkata nyama alisema.

"Zote?"

"Zilizobaki ni za kufanyia kazi, dada."

Fundi akacheka, akaandika namba kwenye daftari. Alikuwa akishonea sebuleni kwake, cherehani dirishani, mezani vitambaa vya watu, na nguo zilizokamilika zikining'inia juu ya mlango wa chumba cha mama mkwe. Mkata nyama alitaka shati jeusi la mikono mirefu, vifungo visivyong'aa, kola ya kusimama. Liwe tayari Jumamosi.

"Una msiba?" Fundi aliuliza kwa adabu.

"Hapana, ni la picha. Picha ya albamu." Mkata nyama akajikuna shingo, akaona haya kidogo kwa umbo lake lote lile. "Hata mimi sikujua kama naimba. Nilikuwa nawafukuza mbwa pale buchani, nikawafokea mara moja tu. Mwalimu mmoja wa hesabu, mteja wangu, akaacha nyama yake kwenye mizani akaniambia, wewe ndiye niliyekuwa namtafuta. Ana kundi la metali, linaitwa Mvua ya Majivu. Umewahi kulisikia?"

Fundi alikuwa na pini tatu mdomoni. Alitikisa kichwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo au hapana.

"Mwimbaji wao ameisha," mkata nyama akaendelea. "Wanamwita Radi. Zamani alikuwa ananguruma mpaka vioo vinalia. Siku hizi, sijui kapatwa na nini, anaimba kama mtu anayebembeleza mtoto. Mashabiki wamekasirika. Basi Jumamosi saa kumi na moja nakwenda kushika nafasi yake."

"Mwenyewe anajua?"

"Mwalimu kasema atamwambia saa kumi."

Fundi akatoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kimto. Angeweza kusema, huyo Radi ni mume wangu, na kiti ulichoweka kofia yako ndicho anachokalia akinywa chai. Hakusema. Alipokea malipo ya awali, akaandika risiti, tena, aibu gani hii, akamshukuru na kumtakia kila la heri.

Mkata nyama alipotoka, Fundi alikaa mbele ya cherehani bila kukanyaga pedali. Kila mtu mjini alikuwa akijiuliza Radi kapatwa na nini. Yeye peke yake ndiye aliyejua jibu, kwa sababu jibu alikuwa yeye.


Sasa, mtu asidhani Fundi alikuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mwanamke mwenye masikio.

Mumewe alikuwa fundi wa mafriji, mtu mpole, mwembamba, anayeomba radhi akigonga meza. Lakini akishika gitaa la besi, sauti iliyomtoka ilikuwa ya mnyama aliyenasa mguu. Ndiyo kazi ya metali ya huzuni: gitaa linatambaa, ngoma inapiga kwa majonzi, na mwimbaji ananguruma maneno asiyoyaelewa mtu. Siku ya onyesho la kwanza Fundi alikwenda na pamba masikioni. Hakurudi tena. Albamu ya kwanza iliitwa Udongo Mzito. Ya pili, baada ya majadiliano marefu, ikaitwa Udongo Mzito Zaidi. Maneno ya nyimbo yalichapishwa ndani ya jalada kwa herufi nyeusi juu ya karatasi nyeusi. Walisema ni sanaa. Hakuna kiumbe aliyewahi kuyasoma, pengine hata waliochapisha.

Mambo ya onyesho Fundi aliweza kuyavumilia. Ya nyumbani yalimshinda. Kila jioni Radi aliporudi kazini alifanya mazoezi jikoni akivua ovaroli, akingurumia masufuria. Siku moja jirani aliingia mbio na jagi la maji akidhani mtu amekabwa na mfupa.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Fundi hakumwambia mtu. Miaka minane iliyopita walipata mtoto wa kike, naye hakukaa. Fundi alilia mpaka akaumwa. Radi hakutoa chozi. Mwezi uliofuata alirudi nyumbani na gitaa la besi la mkono wa pili, akaanzisha kundi. Toka hapo habari ya mtoto haikutajwa tena baina yao, na kila Radi aliponguruma jikoni, Fundi alisikia jambo moja tu: huyu mwenzangu alishasahau, amepata cha kumfurahisha. Lilikuwa limemkaa rohoni.

Basi mama mkwe alipovunjika nyonga, akaletwa kukaa nao, Fundi akaona mlango umefunguka.

"Mume wangu," alimwambia, "mama masikio yake yamechoka, najua. Lakini huo mngurumo wako hauingii masikioni, unamwingia kifuani. Moyo unamdunda usiku kucha."

Radi alishika kichwa. "Amekwambia yeye?"

"Angekwambia wewe?"

Hapo alimpata. Kumuuliza mama swali lolote kulitaka upige kelele mtaa mzima usikie, na kikongwe mwenyewe, kwa kutotaka kumsumbua mtu, angesema yuko salama hata kama anaungua. Radi hakuuliza. Kuanzia jioni ile alijifungia bafuni akafanya mazoezi kwa sauti ya chini, taulo mdomoni. Nyumba ikatulia. Fundi alishona magauni manne ya harusi kwa amani, akanenepa kidogo.

Miezi minane ni mingi kwa koo la mtu. Walipoanza kurekodi albamu ya tatu, Radi alifungua kinywa angurume, ikatoka sauti nyingine, laini, safi, yenye mikwaruzo kidogo pembeni. Wenzake waliacha kupiga. Mwokaji, yaani mpiga ngoma, ambaye ndiye mwenye duka la mikate, alisema ni nzuri. Mwalimu, mpiga gitaa, alisema ni tofauti, na mwalimu wa hesabu akisema tofauti huwezi kujua kama kakupa alama au kakunyima. Wakarekodi nyimbo tisa. Albamu wakaiita Dirisha.

Waliporusha wimbo mmoja mtandaoni, mashabiki wao mia tatu na kitu walikuja juu. "Radi imekuwa manyunyu," aliandika mmoja. Mwingine aliuliza kama kundi sasa linapokea kazi za kuimba kwenye harusi.

Radi alikwenda redioni kujitetea. Fundi alimsikiliza akiwa anapiga pasi.

"Huu ni ukuaji," Radi alimwambia mtangazaji, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa. "Mimi binafsi nimepitia safari ya ndani. Nimegundua kwamba ukimya nao ni aina ya uzito."

Fundi alicheka mpaka akaunguza mkono wa blauzi ya mteja. Halafu, akiikwangua ile alama kwa kucha, roho ikaanza kumsuta.


Baada ya mkata nyama kuondoka, roho haikumsuta tu, ilimtoa kwenye cherehani. Alichemsha chai akaingia nayo kwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, mguu juu ya mito, akifungua nyuzi za pindo alilopewa afungue. Alipenda kupewa kazi.

"Mama!" Fundi aliita kwa nguvu. "Nataka kukuuliza! Mwanao akiimba, inakusumbua?"

"Nini?"

"Akiimba! Ile ya kunguruma!"

Mama mkwe akaweka pindo chini, uso wake ukachangamka. "Ile! Kwani kaiacha? Mimi nilikuwa sisikii mlango, sisikii mkinisalimia, lakini ile nilikuwa naisikia hapa." Akajipiga kifua. "Kitanda kilikuwa kinatetemeka kidogo. Najua, haya, mwanangu karudi, mzima. Siku hizi jioni inaingia, giza linaingia, sijui kama yupo au hayupo. Nikadhani amenikasirikia."

"Hajakukasirikia, mama."

"Nini?"

"Nasema hajakukasirikia!"

"Basi mwambie anisalimie," mama mkwe alisema, akachukua pindo lake.

Fundi alirudi sebuleni na chai ambayo hata hakuwa ameimimina. Alijiona mdogo kuliko kipande cha uzi. Amemnyima mama sauti ya mwanawe, amemwibia mume koo lake, na sasa Jumamosi watamtoa kwenye kitu pekee alichojijengea kwa mikono yake, huku yeye mkewe ndiye anamshonea mrithi shati. Alilikata shati hilo jioni ile ile. Kazi ni kazi, na mkata nyama hakuwa amemkosea mtu.


Kundi lilifanyia mazoezi kwenye stoo ya unga nyuma ya duka la mikate. Magunia yalipangwa ukutani mpaka darini, nayo yalimeza mwangwi vizuri kuliko studio ya kulipia. Tatizo lilikuwa moja. Wanaume watatu wenye majonzi, nguo nyeusi toka kola hadi viatu, waliingia kama kunguru wakatoka kama maandazi. Fundi ndiye aliyefua nguo za mmoja wao, kwa hiyo unga huo aliujua kwa mikono.

Jumamosi saa kumi kasoro robo alisukuma mlango. Mwokaji alikuwa nyuma ya ngoma zake, unga kwenye nyusi. Mwalimu alikuwa ameinamia kompyuta iliyowekwa juu ya gunia, kalamu nyekundu sikioni. Alikuwa na tabia ya kusahihisha nyimbo kama mitihani. Karatasi ilibandikwa ukutani: wimbo wa kwanza arobaini na tano kwa mia, wa pili thelathini na nane, ongeza bidii. Radi alikuwa kwenye kona akifuta besi yake kwa kitambaa, na alipomwona mkewe alishtuka.

"Mama amepatwa na nini?"

"Mama mzima."

"Shemeji!" Mwalimu alisimama haraka mno, kama mtu aliyefumaniwa. "Karibu. Leo umekuja na pamba?"

"Leo sikuja nayo," Fundi alisema. Alitafuta pa kukaa, hapakuwapo, akabaki amesimama na mkoba wake. "Nimekuja kusema jambo, na nisipolisema sasa hivi nitaondoka. Mama hakuwahi kulalamika. Ile habari ya kifua, ya moyo kumdunda, niliitunga mimi. Nilikuwa nimechoka na kelele, nikamsingizia kikongwe wa watu."

Mwokaji akaanza kutikisika mabega, akajitahidi kujizuia, akashindwa, fimbo ikamponyoka ikagonga toazi.

"Kwa hiyo ile safari ya ndani..." alisema.

"Nyamaza," Radi alisema.

"Aliyoisema redioni..."

"Nimesema nyamaza."

"...ilikuwa inaishia bafuni!"

Hata Mwalimu alicheka. Radi hakucheka. Masikio yalimwiva. "Miezi minane," alimwambia mkewe. "Miezi minane nimeimba na taulo mdomoni."

"Najua. Mimi ndiye niliyekuwa nazifua."

"Nikaenda redioni nikajidhalilisha mbele ya mji mzima!"

"Ulisema vizuri lakini," Fundi alijaribu, akaona hilo halisaidii. "Nisamehe, mume wangu. Nimekosa, sina la kujitetea. Ila kama ni leo ya kusema ukweli, na Mwalimu naye aseme lake. Nani anakuja hapa saa kumi na moja?"

Kicheko kilimtoka Mwalimu usoni. Alichukua kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha. Ikabidi aeleze: mkata nyama, mbwa, mizani, picha ya albamu. Aliongea akikwepa macho, na kila alipofika mahali pagumu alisema "kwa upande mwingine". Radi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mngeniambia saa ngapi?"

"Saa kumi."

Radi akatazama saa yake. Ilikuwa saa kumi na dakika mbili. "Basi umechelewa," alisema. Miaka saba alikuwa amebeba amplifaya za watu hawa kwenye toroli la mafriji. Alianza kufungua mkanda wa besi.

"Usivue," Fundi alisema. "Hakuna tena wa kukunyamazisha. Nguruma."

"Haipo. Imekwenda."

"Jaribu kwanza, jamani!"

Radi alimtazama kwa hasira ya kweli, ambayo kwa mtu mpole kama yule ilikuwa kitu kigeni, pengine hata yeye ilimshangaza. Akavuta pumzi. Kilichomtoka kilianzia kwenye visigino. Matoazi ya Mwokaji yalilia yenyewe, unga ukashuka kutoka darini ukawatua mabegani wote wanne, na huko mbele dukani mteja alisikika akiuliza kama tanuri limepasuka.

"Mia!" Mwalimu alipiga kelele. "Mia kwa mia! Ndugu yangu, nisamehe, mimi mjinga!" Tayari alikuwa na simu mkononi akimwandikia mkata nyama kwamba asisumbuke kuja. "Tunarudia albamu nzima. Yote, kwa sauti hii. Tunaanza na ule wa mwisho, ule wa zamani, ndio tulioharibu kuliko zote."

Fundi alishusha pumzi. Alichokijia amekipata. Mume amebaki na kundi lake, mama atapata mtetemo wake, na yeye atanunua pamba. Alishika mlango atoke.

"Subiri, shemeji," Mwokaji alisema. "Hujawahi kutusikiliza hata siku moja. Sikiliza hii laini kabla Mwalimu hajaifuta. Mimi niliipenda."

"Haina haja," Radi alisema haraka.

"Dakika nne tu."

"Nimesema haina haja!"

Lakini Mwokaji alikuwa ameshanyoosha mkono juu ya gunia na kubonyeza.

Ulikuwa wimbo wa albamu ya kwanza, ule Radi alioufanyia mazoezi jikoni miaka yote, na Fundi aliutambua kwa mwendo wa besi. Aliwahi kukatia vitunguu kwa mwendo ule. Lakini safari hii palikuwa na mtu ndani yake. Mumewe alikuwa akiimba taratibu, kila neno limekaa peke yake, na maneno yenyewe yalikuwa haya:

*Siku kumi na moja nilikushika,*
*kiganja kimoja kilikutosha.*
*Jina lako nimelitia kwenye kelele,*
*mahali mama yako hatalisikia akalia.*

Fundi aliweka mkono kwenye gunia. Wimbo uliendelea, akalisikia na jina lenyewe, lile walilolichagua wawili na ambalo hakuna aliyelitamka nyumbani kwao kwa miaka minane. Ulipokwisha, kompyuta ilibaki ikivuma tu.

Mwokaji alikuwa ameinamisha kichwa. "Nimeupiga huu wimbo miaka saba," alisema. "Nilidhani unahusu vita."

"Mimi nilidhani unahusu mazingira," Mwalimu alisema kwa sauti ndogo.

Fundi alimgeukia mumewe. "Ulikuwa unauimba huu? Miaka yote? Jikoni kwangu?"

"Ndiyo."

"Na mbele za watu?"

"Walikuwa hawasikii," Radi alisema. "Ndiyo maana niliweza."

"Mimi nilidhani umemsahau." Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Nimekuchukia kwa hilo. Nakwambia ukweli, kuna siku nilikuchukia."

"Nilijua unanichukia. Sikujua ni kwa hilo."

Mwalimu alinyoosha mkono taratibu kwenye karatasi ya ukutani, akakata alama ya wimbo wa mwisho kwa kalamu yake, asiandike nyingine mahali pake. "Huu usiguswe," alisema. "Zile nyingine nguruma utakavyo. Huu ubaki ulivyo."

"Usibaki ulivyo," Fundi alisema.

Wote wakamtazama.

"Una kosa. Umeimba siku kumi na moja. Zilikuwa kumi na mbili." Alikuwa akimwambia Radi peke yake sasa. "Ile ya kwanza hukuwepo. Ulikuwa umekwama mji wa pili na mafriji ya watu, ukafika kesho yake jioni. Wewe unahesabu toka ulipofika."

Inaonekana Radi hakuwahi kulifikiria hilo, na lilipomfikia ilimbidi akae chini, juu ya unga, na suruali yake nyeusi.

"Alikuwaje?" aliuliza. "Siku hiyo."

"Alikuwa na nguvu. Alilia mchana kutwa. Wauguzi walikuja kumtazama, wakasema huyu sauti hii kaitoa wapi. Nzito! Mtoto wa kilo mbili. Ulipofika alikuwa ameshachoka."

"Mimi sikumsikia hata mara moja," Radi alisema. "Mikononi mwangu alikuwa kimya tu. Siku zote. Mimi sijui alikuwa na sauti gani."

Nje kengele ya duka ililia, mteja akaingia, hakuna aliyekwenda kumhudumia. Fundi aliwatazama wale wanaume watatu, weupe kwa unga hadi kwenye kope. Akaweka mkoba wake chini. Akavuta pumzi mpaka chini kabisa, yeye aliyedanganya ili apate kimya nyumbani kwake, akafungua kinywa, akamlilia mumewe vile mtoto alivyolia.